Majina ya Fizi Yaliyofutika Uvira

Ofisi ya afya ya kanisa pale Baraka ilikuwa chumba kimoja nyuma ya dispansari. Watu walipenda kuchungulia dirishani kuona vitu viwili vilivyokuwa humo: foni, yaani redio ya kuongea na Uvira, na ordinatere, yaani kompyuta, iliyokula umeme wa sahani ya jua na batri ya lori. Aliyevitumia vyote viwili alikuwa Pulchérie. Kwenye karatasi za serikali ya Zaire aliandikwa Mutambo tu, kwa sababu aliingia shule miaka ile majina ya ubatizo yalipokatazwa, lakini sokoni walimwita Mama Foni, naye aliitika.

Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Serikali ilikuwa imesahau walimu siku nyingi, kwa hiyo nyumba yote ilitegemea kazi ya mama huyu. Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea haraka, alipika haraka, na kitu kilichomchosha kuliko vyote ni kungoja.

Kazi yake ilikuwa kutunza habari za wagonjwa wa kifua kikuu wa zone yote ya Fizi. Waganga, yaani wauguzi wa vituo vya Mboko, Swima, Baraka na Fizi penyewe, walimletea fishi, kadi za wagonjwa wao, naye akaziingiza katika ordinatere. Kisha habari hizo zilipaswa kufika Uvira, kwenye ordinatere kubwa ya ofisi ya kanisa, maana huko ndiko dawa zilikogawanywa na kupakiwa katika lori kila mwezi. Mgonjwa ambaye jina lake halikuonekana Uvira hakutumiwa dawa. Ndiyo maana Uvira na Baraka zilipaswa kusema jambo moja, siku zote.

Ordinatere ya Uvira haikuwa yake. Bwana wake alikuwa Casimir, mkuu wa ofisi, aliyekuwa na neno la siri la kufungulia kila kitu. Vituo vya mbali vilipewa kila kimoja chumba chake ndani ya mashine ile: unaingia kwa njia ya foni, unaweka vyako, unachukua vyako, unatoka. Zaidi ya hapo huna ruhusa. Na foni ilikuwa nzito. Kutuma faili nzima kulimaliza asubuhi, na kama radi ilipiga upande wa ziwa kabla haijafika mwisho, Pulchérie alianza upya.

Norbert, fundi kutoka Bukavu, alipokuja kutengeneza sahani ya jua, alimkuta amekaa mbele ya mashine ameshika tama.

“Unatuma yote kila siku?” Norbert aliuliza.

“Nitafanya je?”

Norbert akatoa disketi mfukoni. Ndani yake kulikuwa na programu ndogo. Ukiiweka pande zote mbili, alisema, inalinganisha faili ya hapa na ya kule, halafu inatuma tu pale palipobadilika.

“Lakini chef Casimir, mukubwa yetu, alikataza mutu kutia kitu mu mashini ya Uvira,” Pulchérie alisema.

“Alikataza mutu kugusa mashini. We utaiweka mu chumba yako. Hauombi ruhusa ya mutu juu ya chumba yako. Tena haitajiamsha yenyewe, ile ni kazi ya mwenye mashini. We utaiamsha kila mara ukiingia, na ukitoka inalala.”

Kabla hajafunga sanduku lake la vyombo, Norbert aliongeza neno moja. “Uangalie, mama. Hii kitu haina akili. Inafanya kule ikuwe sawa na hapa, basi. Kama jina imetoka hapa, itaitosha, itaifuta na kule. Haitakuuliza kama ulikosea.”

Pulchérie alisikia. Lakini alichokisikia zaidi ni ile asubuhi aliyorudishiwa. Toka siku hiyo kazi iliyommalizia nusu ya siku ilikwisha kabla mtu hajamaliza kusonga ugali. Aliacha hata kuweka nakala kwenye disketi mwisho wa mwezi, kama alivyofundishwa, maana aliona nakala ipo Uvira, na kila siku ni mpya. Mara moja Casimir alimsifu katika foni, vituo vyote vikisikia, kwamba Baraka wanafanya kazi safi kuliko wengine. Alishukuru. Hakusema kwa nini.

*

Mvua za mwezi wa kumi na moja, mwaka wa tisini na tano, zilikuja na mawingu yasiyoondoka. Sahani ya jua ilikosa jua, batri ikachoka. Asubuhi moja Pulchérie alikuwa anahifadhi kazi yake, mashine ikazimika. Alisubiri, akaiwasha tena. Ikamwuliza kama irekebishe faili iliyoharibika, akaiambia ndiyo. Aliifungua, akaona majina ya Baraka yapo, ya Mboko yapo, ya Swima yapo. Ya Fizi yalikuwa mwisho kabisa, na hakushuka mpaka mwisho. Uvira walikuwa wameanza kumwita katika foni, na batri ingeweza kufa tena wakati wowote.

Akaingia katika chumba chake kule Uvira, akaiamsha programu. Ilimaliza mbio kuliko siku nyingine, ikaandika kwamba pande zote mbili ziko sawa. Pulchérie alifunga ofisi akaenda kula.

Aligundua siku chache baadaye, alipoingiza fishi ya mgonjwa mpya wa Fizi na mashine ikampokea kana kwamba ndiye wa kwanza. Akatafuta wengine. Akatafuta tena kwa jina moja moja la wale aliowakumbuka. Hakuna. Akaingia Uvira kwa haraka, akiamini kwamba kule wapo. Kule pia Fizi ilikuwa nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na hapo ndipo maneno ya Norbert yalipomrudia yote.

Dawa ya jambo hili ilikuwepo, naye aliijua. Kila mwisho wa juma Casimir alinakili mashine yote ya Uvira kwenye mkanda mpya na kuufungia kabatini pamoja na ile ya zamani. Neno moja tu katika foni, naye angerudisha majina. Lakini neno hilo lingeleta swali: yalitokaje? Na jibu lilikuwa programu ambayo hakuiombea ruhusa, katika mashine ambayo si yake, iliyomletea sifa asizostahili. Aliwaza watoto, akamwaza mume wake na chaki zake zisizolipwa. Akaiacha foni imenyamaza.

Akachagua njia nyingine. Fishi za karatasi, zikishaingizwa, zilirudishwa Fizi kwa Alphonse, muganga wa kule. Pulchérie alimtuma dereva wa lori kwake: Alphonse azishushe zote, ofisi inataka kuhakikisha majina. Alipanga aziingize upya, na mtu yeyote asijue kama yalikuwa yametoka. Lori liliondoka, mto Mutambala ukajaa, na dereva akalala upande wa Baraka pamoja na ujumbe wake, akingoja maji yashuke.

Katika kungoja huko, Uvira walianza kugawanya dawa za mwezi. Casimir alisoma katika foni fungu la kila kituo. Alipofika Baraka akauliza.

“Baraka, naona Fizi iko na mugonjwa mumoja tu mwezi huu. Ni kweli?”

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi mbele yake. Hata kuusukuma hakuhitaji.

“Nitahakikisha, chef,” Pulchérie alijibu.

“Sawa. Swima, munanisikia?”

Na Casimir akaendelea na wengine.

*

Alphonse alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanaume mkubwa, mpole, wa kuongea taratibu, na siku hiyo alifika amelowa mpaka kiunoni, baiskeli yake mkononi, fishi amezifunga katika mfuko wa plastiki kifuani. Aliziweka juu ya meza. Hakukaa.

“Mama Pulchérie, boîte, ile sanduku ya dawa, iko wapi?”

“Haiyafika?”

“Ilifika. Dawa ya mutu mumoja. Bagonjwa banakuja, mi nabarudisha na mikono mitupu. Wa pale karibu, haina neno, watarudia. Lakini kuna Gasore.”

Pulchérie alilijua jina. Alikuwa ameliandika mwenyewe. Alphonse akamweleza mtu. Gasore alikuwa mchungaji wa ng’ombe wa huko juu, Munyamulenge, wa kabila lililoambiwa siku zile kwamba si la Zaire, mwenye mke na watoto. Kila mwezi alitembea kutoka milimani, akalala njiani, akafika Fizi kuchukua vidonge vyekundu. Hakuwahi kukosa hata mwezi mmoja. Kifua kilikuwa kimeanza kutulia, ameanza kunenepa.

“Alikuyaka juma iliyopita,” Alphonse alisema. “Nikamuambia, papa, dawa haiko, urudie juma ijayo. Akacheka tu. Akaniambia, muganga, barabara ya kushuka haiko tena kama zamani. Ile siku akishuka, askari walimufunga kutwa nzima pale barrière, kizuizi cha barabara, banamuuliza karatasi, banamuuliza kwabo ni wapi. Mutu aliyezaliwa hapa juu, na baba yake pia.”

Pulchérie alitazama fishi mezani. Zilikuwa kavu kabisa. Alphonse alikuwa amelowa ili karatasi zisilowe, karatasi alizoitiwa kwa uongo.

Alichukua kifaa cha foni Alphonse akiwa bado amesimama pale, akamwita Casimir, akamwambia yote: batri, programu, haraka yake, na ile “nitahakikisha”. Sauti yake ilitoka kavu kama ya mtu anayesoma tangazo.

Foni ilinguruma.

“Ngoja,” Casimir alisema.

Chai ya Pulchérie ilikuwa bado ya moto Casimir aliporudi. “Angalia sasa.”

Pulchérie akaingia katika chumba chake. Majina ya Fizi yalikuwa yamerudi, yote, na Gasore akiwemo.

“Ilikuwa kazi ndogo,” Casimir alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza kuliko angefokewa. “Ungeniambia siku ile ile, lori lingebeba dawa zabo. Juu ya nini ulinyamaza?”

“Niliogopa juu ya programu, chef.”

“Ile programu niliiona tangu mwezi wa nane. Niliiacha sababu kazi ilikuwa inaenda muzuri.”

Hakufukuzwa. Aliambiwa tu aanze tena kuweka nakala kwenye disketi. Alphonse aliyesikia yote alivaa kofia yake iliyolowa, akasema Mungu ni mkubwa, dawa zitakuja. Pulchérie alitamani Alphonse amtukane tu.

*

Dawa zilikuja na gari la misheni, na wagonjwa wa Fizi walirudi mmoja mmoja. Gasore hakurudi. Alphonse alituma habari juu kwa watu waliopanda, lakini miezi ile waliopanda walikuwa wachache, na walioshuka wachache zaidi.

Pulchérie akaomba ruhusa ya kwenda mwenyewe. Mume wake alimkataza. Mwanamke Mubembe, mtu wa ziwani, anakwenda kutafuta nini kwa watu wale wa milimani, wakati huu wa uadui? Alimjibu kwamba anapeleka dawa. Alijua jibu hilo ni nusu.

Alipanda na Alphonse. Waliacha mihogo, wakaacha migomba, wakaingia katika mianzi ambako matone yanaanguka hata mvua isipokunya, na nyuma ya mianzi nchi ikafunguka: majani tu, ng’ombe, na baridi ambayo Pulchérie, mtoto wa ziwa, hakuwahi kuijua. Walilala katika kanisa la Waprotestanti la udongo, wakapewa maziwa. Hakuna aliyewauliza karatasi.

Walimkuta Gasore amekaa kwenye jua mbele ya nyumba yake, amejifunika blanketi mbili. Pulchérie alikuwa amemfikiria mzee. Hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa rika lake, mwenye shingo ndefu na adabu nyingi, naye alijaribu kusimama ili awasalimie, kikohozi kikamkalisha. Alipoondoa kitambaa mdomoni alikikunja upesi wasikione.

“Muganga, umefika mpaka huku,” alisema. “Umejisumbua.”

Alphonse alimpima, akampa vidonge, akamweleza jinsi ya kuanza upya toka mwanzo kana kwamba hakuwahi kunywa. Gasore alisikiliza akitikisa kichwa. Aliuliza tu kama safari hii dawa zitatosha mpaka mwisho. Alphonse akasema zitatosha. Pulchérie alikuwa ameketi kwenye kigoda na kibuyu cha maziwa mikononi, hakuweza kunywa wala kukiweka chini.

Mke wa Gasore, Nyiramahoro, aliwasindikiza mpaka mwisho wa boma. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitambaa kimefungwa begani, anaongea Kiswahili cha taratibu cha mtu anayechagua kila neno. Alphonse alitangulia. Pulchérie akasimama.

“Mama,” alisema, “ile mwezi bwana yako alikosa dawa, ilikuwa ni sababu yangu.”

Akamweleza, bila maneno ya foni na programu, kwamba kuna mashine inayotunza majina, kwamba majina ya Fizi yalifutika, na kwamba bila jina dawa haitumwi.

Nyiramahoro alifikiri. “Mashini ndio ilifuta.”

“Mi ndio niliiamsha.”

“Sasa, we ulijua lini?”

Hilo ndilo swali ambalo Casimir hakuliuliza, wala Alphonse.

“Nilijua mbele, Gasore alikuwa hajashuka bado,” Pulchérie alisema.

Nyiramahoro alitazama upande wa ng’ombe.

“Basi kama ungetuma neno tu,” alisema, “hata bila dawa. Ningemukataza asishuke. Alirudi na mvua, amepigwa, na tangu siku ile hajatoka hapo munamukuta.” Akapokea kibuyu kutoka mikononi mwa Pulchérie, akaona bado kimejaa. “Unywe, mama. Njia ni ndefu.”

Akangoja mpaka Pulchérie alipokunywa yote.

*

Gasore alikunywa dawa zake bila kukosa. Alphonse alipata njia ya kuzipandisha kwa wachungaji na kwa watu wa kanisa. Kikohozi kilipungua, lakini nguvu hazikurudi, na kiangazi kilipokuwa katikati alifariki. Habari zilifika Baraka zimechelewa, zikiletwa na Alphonse mwenyewe.

“Usijibebeshe, mama,” alimwambia. “Kifua yake iliharibika tangu zamani. Hakuna daktari atasema ni juu ya ile mwezi.”

“Na hakuna atasema hapana,” Pulchérie alijibu.

Alphonse akachukua baiskeli yake.

Pulchérie aliendelea na kazi. Programu aliitumia bado, maana bila hiyo majina yasingefika, lakini kabla ya kuiamsha alisoma kila jina kwa sauti, kuanzia Fizi. Kazi ikarudi kuchukua asubuhi nzima. Waliochungulia dirishani walidhani anasali. Casimir alimpendekeza aende Uvira kufundisha watu wa vituo vingine. Alikataa, akisema mama yake anaumwa. Mama yake alikuwa pwani siku hiyo, anaanika ndagala, dagaa wa ziwa, hana neno.

Kabla mwaka haujakwisha vita vilikuja kando ya ziwa. Ofisi iliporwa: ordinatere, foni, hata nyaya za ukutani. Pulchérie na watu wake walivuka ziwa wakafika upande wa Tanzania, wakapewa hema kambini pamoja na maelfu wengine. Siku moja walipita watu wakiuliza nani anajua ordinatere, kuna kazi ya kuandika wakimbizi. Mume wake alimtazama. Yeye alitazama chini, na kazi akaichukua mwingine. Baadaye tu, wakati wa kipindupindu, alijitolea katika hema la wagonjwa, kubeba maji na kufua mashuka.

Aliuliza habari za Nyiramahoro kwa kila aliyetoka upande wa milima. Kuuliza hivyo hakukuwa jambo jepesi kambini. Miaka ile jina la mtu wa juu likitoka kinywani mwa Mubembe, watu waligeuka kumtazama, na wapo walioacha kumsalimia. Mmoja alisema wanawake wa boma lile walishuka upande mwingine. Mwingine alisema hapana, boma lilichomwa na hajui waliobaki. Pulchérie aliwashukuru wote wawili. Mume wake alimwuliza anamtafutia nini mwanamke yule, kama ni deni au ni nini.

“Nataka tu kujua kama iko muzima,” alisema, akaendelea kufua.